Mtoto anaanza darasa la kwanza: ninunue nini, na nini kisubiri?

"Mwalimu, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka sita, na Januari anaanza darasa la kwanza katika shule ya msingi ya serikali hapa Morogoro. Sare na viatu nimeshanunua, nimebakiwa na laki moja. Dukani wamenitajia 'seti kamili': chati za ukutani za alfabeti ya Kiingereza, mkebe, penseli za rangi 24, kaunta buku nne na begi la magurudumu. Baba yake anaona tuongeze fedha tumnunulie kishikwambi, kwa sababu watoto wa jirani wanacho na wanaimba herufi zote. Dada yake bado anavyo vitabu vya darasa la kwanza alivyotumia mwaka 2021, tungependa vimsaidie mdogo wake. Na kuna jambo linaloninyima usingizi: anaandika kwa mkono wa kushoto, na herufi nyingine anazigeuza. Bibi yake anasema tumzoeze mkono wa kulia kabla shule hazijafunguliwa. Nianzie wapi?"

Marahaba, mama. Maswali yako ni mengi lakini naona yote yametoka kwenye hofu moja: kwamba mwanao ataingia darasani akiwa tayari nyuma ya watoto wa jirani, na kwamba ukikosea dukani utakuwa umemharibia mwanzo. Nikutoe wasiwasi. Laki moja inatosha, na itabaki. Mtoto anayefika shuleni ameshiba, anaona na kusikia vizuri, ana penseli inayoandika na daftari lisilochanika, na nyumbani yupo mtu wa kukaa naye robo saa kila jioni, hajapungukiwa na kitu mbele ya mwenye seti kamili.

Kabla hujarudi dukani, pita shuleni ukamuulize mwalimu wa darasa la kwanza. Shule za msingi za serikali hazitozi ada, lakini sare, madaftari na kalamu bado ni juu ya mzazi, na kila shule ina utaratibu wake: madaftari mangapi, ya mistari ya namna gani, lipi libaki shuleni na lipi lirudi nyumbani. Muuzaji hana orodha hiyo. Seti yake ameipanga kwa bidhaa alizo nazo, na nyingine, kama ule mkebe wenye bikari na kipimapembe, mwanao hatazigusa mpaka madarasa ya juu.

Kipimo ninachowapa wazazi ni hiki: ukionyeshwa kifaa, jiulize mtoto atakishika kwa mkono akifanye nini. Kama jibu ni kwamba atakitazama tu, kisubiri. Mtoto wa umri huu hujifunza kwa kuchora, kupanga, kutenganisha, kuhesabu vitu anavyovigusa, kukosea na kurudia mbele ya mtu anayemjali.

Sasa nianze na ule mkono wa kushoto, maana huo ndio utakaoamua hata aina ya daftari. Karibu mtu mmoja kati ya kumi hutumia mkono wa kushoto. Si ukaidi, si malezi mabaya. Ubongo wake ndio umepangika hivyo, na upendeleo huo huonekana mapema, mtoto akiwa bado anachukua kijiko na kurusha mpira. Ukimhamisha kwa nguvu, akili iliyopaswa kushughulika na herufi itashughulika na mkono. Ataandika polepole, atachoka haraka, na wengi wa namna hiyo huanza kuichukia kazi ya kuandika kabla hawajaijua. Bibi usimpuuze, lakini. Kama anachotetea ni adabu, kula na kupeana mkono kwa kulia, hilo aendelee kumfundisha, mtoto ataliweza bila shida. Penseli ndiyo aiache pale alipoichukua mwenyewe.

Anayeandika kwa kushoto ana ugumu mmoja wa kweli: tunaandika kutoka kushoto kwenda kulia, kwa hiyo mkono wake unapita juu ya kile alichokwisha kuandika. Anakifunika, anakichafua, na ili akione anaukunja mkono kama ndoano. Dawa yake haina gharama. Daftari liwekwe kushoto kidogo ya kifua chake, na sehemu ya juu ya daftari ielekee kulia. Penseli aishike mbali kidogo na ncha, kama sentimita tatu, ili aione herufi anapoiandika. Na siku ya kwanza mwombe mwalimu amketishe mwisho wa dawati upande wa kushoto. Akikaa katikati, kiwiko chake kitagongana na cha mwenzake mchana kutwa, na huenda wakaadhibiwa wote wawili kwa utundu ambao si utundu.

Hapo ndipo ninapokukataza zile kaunta buku. Daftari nene halilali sawa. Lina nundu katikati, na mtoto wa mkono wa kushoto anapoandika ukurasa wa kulia, mkono wake unakaa juu ya nundu hiyo hiyo. Kwa mtoto yeyote wa darasa la kwanza, mkono mdogo ukifika mistari ya chini ya daftari nene unakosa pa kuegemea na mwandiko unaporomoka. Tena daftari nene likipotea, limepotea na kazi ya nusu mwaka. Nunua madaftari membamba, ya kurasa 48 au 64, yenye mistari mipana, na moja la visanduku kwa ajili ya hesabu, ili kila tarakimu ipate chumba chake. Kabla hujalipa, omba uandike neno kwa penseli kwenye ukurasa mmoja, ulifute, uandike tena na ulifute tena. Karatasi ikitoka manyoya au ikatoboka, achana nayo hata kama ni rahisi, kwa sababu mwanao atafuta zaidi ya mara mbili.

Penseli ndiyo mahali pa kutoa fedha bila kuumia. Kile kiini cheusi ni grafiti iliyochanganywa na udongo wa mfinyanzi. Udongo ukizidi, penseli huwa ngumu na huandika hafifu, nazo huandikwa H. Grafiti ikizidi, huwa laini na nyeusi, nazo huandikwa B. Anayeanza anafaa HB au 2B. Akipewa ngumu, atakandamiza ili maandishi yaonekane, vidole vitauma, karatasi itachanika, na mtu mzima atadhani mtoto ni mvivu. Chagua yenye pembe tatu au sita, kwa sababu vidole vinapata pa kukaa na haiviringiki ikaanguka. Kila ikianguka, kiini huvunjika kwa ndani, na ndiyo maana nyingine ukiichonga inatoa kipande kilichokatika mpaka inaisha. Nunua dazeni, mpe mbili mbili. Kwangua rangi kidogo mwishoni uandike jina lake. Usitupe zilizofupika, maana kipande cha nusu penseli humkaa vizuri zaidi mtoto mwenye vidole vidogo. Ongeza raba laini na kichongeo cha chuma. Kichongeo ni lazima, kwa sababu asiye nacho ataazima wembe, na nimeona vidole vingi vimekatwa hivyo.

Mifupa midogo ya kifundo cha mkono cha mtoto wa miaka sita bado inakomaa, na misuli ya vidole bado inapata nguvu. Kumwandikisha kurasa tano kwa jioni moja hakuiharakishi. Kinachoijenga ni kazi za nyumbani kwako: kubangua karanga, kuchambua mchele, kufinyanga udongo, kufunga vifungo vya shati lake mwenyewe, kukata karatasi kwa mkasi wenye ncha butu. Penseli za rangi zinafaa kwa sababu hiyo hiyo, lakini sita au kumi na mbili zinamtosha. Hizo 24 ni za kupoteza.

Nije kwenye herufi anazozigeuza. Tangu mtoto huyu alipozaliwa, macho yake yamejifunza kwamba kitu hakibadiliki kwa kugeuzwa. Kikombe ni kikombe, mkono wake uelekee kulia au kushoto. Kisha anafika kwenye herufi, na kwa mara ya kwanza anaambiwa kwamba umbo lile lile likitazama huku ni b, likitazama kule ni d, likipinduliwa ni p. Ubongo unapaswa kuacha kanuni iliyomfaa miaka yote hiyo, na kazi hiyo inachukua muda. Kuandika b badala ya d, au 3 ikitazama upande usio wake, ni kawaida kwa watoto wa miaka sita na saba, wa mkono wa kulia na wa kushoto pia. Usimcheke na usimwadhibu. Mfundishe b peke yake hadi aishike kabisa, aichore kubwa mchangani, aichore ukutani kwa kidole chenye maji, aseme sauti yake kila anapoichora. D ije baada ya wiki kadhaa. Kuziweka mbili hizo bega kwa bega siku ya kwanza ndiko kunakozichanganya.

Kuhusu chati na nyimbo za herufi, naomba unisikilize kwa makini, maana hapa wazazi wengi hutumia fedha kujiletea kazi. Watoto wa jirani wanaimba "ei, bii, sii". Hayo ni majina ya herufi kwa Kiingereza. Mwanao anakwenda kusoma Kiswahili, na kusoma Kiswahili hutegemea sauti. Kwetu irabu ni tano, a, e, i, o, u, na kila moja ina sauti yake popote itakapokutana nayo. Sasa chukua mtoto aliyezoea kwamba A ni "ei" na E ni "ii", umwonyeshe neno mama. Atakusomea "em, ei, em, ei", asiisikie mama humo ndani. Akiona neno lenye e, atatamka i. Mwalimu atatumia wiki za kwanza kuyaondoa mazoea hayo ndipo aanze. Kiingereza atakipata, kina wakati wake na mwalimu wake, na mtoto aliyeshika kusoma kwa lugha anayoielewa hukifikia akiwa tayari anajua kusoma ni nini. Kama angekuwa anakwenda shule inayofundisha kwa Kiingereza jibu langu lingekuwa tofauti, ingawa hata huko ningekwambia utafute sauti kabla ya majina.

Tazama pia maumbo yenyewe kwenye chati za dukani. Nyingi zimejaa herufi kubwa tupu, wakati karibu maandishi yote atakayosoma ni ya herufi ndogo. Nyingine zina ile a ya kuchapwa yenye kipaa juu, isiyofanana na a atakayoandikiwa ubaoni. Mtoto anayeanza huziona kama herufi mbili.

Tengeneza kadi zako. Kata boksi vipande vya ukubwa wa kiganja, chukua kalamu ya wino mzito, uandike silabi tano: ba, ka, la, ma, ta, kila moja mara mbili. Kwa kadi hizo kumi mtoto anaunda baba, bata, kaka, kata, kama, lala, mama, taka. Maneno yote hayo anayajua mdomoni, kwa hiyo akiunganisha vizuri anajisikia mwenyewe kwamba amepata. Zikishakolea, badilisha irabu. Ila chunga jambo moja. Watoto wana masikio makali, na wengi huimba "ba, be, bi, bo, bu" huku wanatazama dirishani. Mzazi akisikia anafurahi kwamba mtoto anasoma. Zichanganye kadi, mwekee moja katikati ya meza, usubiri. Anayesoma ataitambua ikiwa peke yake. Anayekariri ataanza tangu mwanzo wa wimbo ili aifikie, na huyo hana kosa, bado tu hajafika.

Vitabu vya dada yake vitazame kabla ya kuvikabidhi. Mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika Januari 2024, darasa la kwanza likiwa miongoni mwa yaliyotangulia, kwa hiyo kitabu cha kiada cha mwaka 2021 hakitakwenda sambamba na kile anachokitumia mwalimu. Usikitupe. Hadithi na picha zake bado zinasomeka, akisome jioni kama kitabu cha hadithi. Vitabu vya kiada vya sasa Taasisi ya Elimu Tanzania imeviweka kwenye maktaba yake ya mtandaoni, unaweza kuvifungua kwa simu bila malipo ukajua wiki hii wanafundishwa nini. Ukinunua cha karatasi, fungua kurasa za mwanzo utafute cheti cha ithibati cha Kamishna wa Elimu, kwa sababu mitaani kuna vitabu vya "mazoezi" vyenye makosa ya tahajia ambayo mtoto atayameza yote. Na fedha ikiruhusu, mnunulie vitabu viwili vya hadithi fupi za Kiswahili, vya sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Kitabu ambacho mtoto anaomba kusomewa tena na tena kina faida kuliko chati tatu. Maktaba ya mkoa iko hapo hapo Morogoro, mpeleke likizo hii.

Kwa hesabu huhitaji kununua kitu. Kata chelewa za ufagio vijiti 100, umfundishe kuzihesabu akizisogeza moja moja, kisha azifunge kumi kumi kwa uzi. Akisema kumi na moja, aweke fungu moja na kijiti kimoja, aone kwamba neno na vijiti vinasema kitu kile kile. Akifika ishirini na thelathini, ambayo majina yake hayajielezi hivyo, mafungu yatamsaidia kuona kwamba ni kumi mbili na kumi tatu. Akihesabu kwa vidole mwache. Vidole ni vihesabio halali na ataviacha mwenyewe siku atakapokuwa havihitaji. Kama nyumbani kuna mdogo wake anayetambaa, usitumie maharage wala mbegu, maana huishia puani na masikioni.

Baba yake naye anastahili jibu la haki, kwa sababu kishikwambi kinaweza kufundisha. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga, watoto karibu 3,000 katika vijiji 170 walipewa vishikwambi katika shindano la kimataifa la Global Learning XPRIZE. Wengi wao hawakuwa wakienda shule, na mwanzoni karibu wote hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi kumi na tano idadi ya wasioweza ilikuwa imepungua sana. Lakini angalia kilichokuwamo ndani: programu zilizotungwa kwa Kiswahili mahususi kwa ajili ya kufundisha kusoma, kuandika na kuhesabu, hatua kwa hatua. Cha dukani kinakuja na katuni, michezo na nyimbo za "ei, bii, sii". Pia kuburuta kidole kwenye kioo hakumfundishi mtoto kushika penseli wala kupima nguvu ya mkono kwenye karatasi. Kwa fedha mliyo nayo, na mtoto ambaye mwalimu anamsubiri, kishikwambi kingoje. Simu yenu inatosha: fungueni hadithi za Kiswahili za African Storybook, ambazo ni za bure, msome pamoja naye robo saa, kisha simu irudi kwa mwenyewe. Ningebadilisha ushauri huu kwa mtoto mwenye uoni hafifu, kwa sababu kukuza maandishi kwenye skrini humfungulia mlango ambao karatasi haimfungulii.

Begi nalisemea kwa kifupi. La magurudumu lina uzito wake kabla hujatia kitu, na kwenye njia ya mchanga au tope atalibeba mwenyewe. Chukua jepesi, la kuvaliwa mabegani kwa mikanda miwili mipana, lisilopita kiuno chake. Mzigo wote usizidi asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa mtoto. Akiwa na kilo 20, hizo ni kilo mbili hadi tatu, na chupa ya lita moja ya maji peke yake imekula kilo nzima. Mpe ya nusu lita, ikae mfuko wa nje isije ikalowesha madaftari.

Ukinunua hivyo, fedha itabaki, na naomba usiimalize mwezi huo huo. Madaftari huisha kabla ya muhula, penseli hupotea, na Julai muhula wa pili unafunguliwa wakati ambao wazazi wengi hawana kitu. Weka theluthi moja kando.

Kuna mambo ambayo kifaa hakiyatibu, na hayo ndiyo usiyasubirishe. Mtoto akisogeza kitabu karibu na pua, akikunja uso au kuinamisha kichwa upande mmoja ili aone, akinakili makosa kutoka ubaoni wakati yaliyo karibu anayanakili sawa, au akilalamika kichwa kila jioni, apimwe macho. Asipoitika akiitwa kutoka nyuma, akiongeza sauti ya redio, akitoka usaha sikioni, au maneno yake hayaeleweki kwa wageni, apimwe masikio. Anza kituo cha afya, nao watakupa rufaa kwenda hospitali ya mkoa. Akimaliza mwaka wa kwanza, amehudhuria vizuri na kufundishwa, na bado hazitambui herufi, au akivuka miaka minane na bado anageuza b na d kila mara, kaa na mwalimu wake mkiwa na madaftari yake mezani, kisha muombe mwelekezwe kwa afisa elimu maalumu wa halmashauri afanyiwe tathmini. Hali hiyo haimaanishi mtoto ni mzito. Inaweza kumaanisha anahitaji kufundishwa kwa njia nyingine, na kadiri inavyojulikana mapema ndivyo njia hiyo inavyomfaa.

Kwa mwanao, kwa haya uliyoniandikia, sioni dalili ya ugonjwa. Hata hivyo, Desemba hii mpeleke akapimwe macho na masikio kabla msongamano wa Januari haujaanza, na majibu yake umpelekee mwalimu siku ile utakayokwenda kuulizia orodha na kumweleza habari ya mkono wa kushoto.